Bei ya Kushuka Ngazi

Hajati Mariyati hakuja kudai kodi siku ile. Alikuja na mtu mwenye futi ya kupimia, na yule mtu akaanza kupima upana wa mlango wakati Kusminah amekaa mlangoni humo humo, kwenye kiti chake cha magurudumu, sahani ya wali na tempe ya soya mapajani.

"Samahani dada, sogea kidogo," alisema yule mtu.

Kusminah akarudi nyuma nusu gurudumu. "Mnapima nini?"

"Mlango," Hajati akajibu. "Huyu bwana anataka kufungua duka la simu. Anaogopa kabati lake la vioo lisije likakwama."

"Na mimi nitakwama wapi?"

Hajati Mariyati akacheka. Hakuwa mwanamke mbaya. Kila Ramadhani aligawa tende kwa wapangaji wote wa jumba lake, na kwa Kusminah aliongeza konzi moja kwa ajili ya ile miguu yake iliyopooza. Hata sasa alichuchumaa ili macho yao yawe sawa, kama anavyochuchumaa mtu anayeongea na mtoto.

"Mama Ratri, mimi sikufukuzi. Ukipata milioni moja na laki mbili kwa mwezi, kaa humu mpaka uzeeke. Lakini chumba hiki kinatazama njia ya sokoni. Ni cha chini, ila bei yake si ya chini." Utani huo ukampendeza mwenyewe, akageuka kuurudia kwa yule mtu wa futi. Kisha akasema, "Kule juu kabisa kuna chumba kitupu. Laki sita na nusu. Kina upepo, huwezi kuamini."

"Hajati, miguu sina."

"Mume unaye," alisema Hajati, akasimama na kukung'uta gauni lake.

Wagiman, huyo mume, alikuwa mlinzi wa maegesho nje ya soko. Kazi yake kupuliza filimbi, kurudisha pikipiki za watu nyuma, na kupewa sarafu. Jioni alisikiliza habari yote akiwa bado amesimama, kofia kichwani, akasema, "Basi tunahama juu."

"Juu wapi?"

"Juu. Nitakubeba."

Ratri, binti yao wa pekee, ndiyo kwanza alikuwa amemaliza shule ya ufundi. Akainua macho kutoka kwenye simu yake. "Kila siku, Baba?"

"Kila siku. Kwani siku ya harusi nani alimbeba?"

"Siku ya harusi nilikuwa natembea," Kusminah alisema. "Ulinishika mkono tu, tena baada ya mama yako kukukonyeza."

Wote watatu wakacheka, na katika kicheko hicho jambo likawa limekwisha kuamuliwa.

Wagiman aliona ameokoa fedha nyingi. Kusminah hakuwa na uhakika, maana yeye ndiye aliyejua mahali fedha zake zinapopotelea. Alikuwa anashona sare za shule kwenye karakana iliyo karibu na reli. Wenzake walikwenda kwa miguu, wakipiga soga na kununua vitumbua njiani. Yeye mabasi madogo yalimpita, dereva akitazama mbele kama hajamwona, kwa kuwa kiti chake kingekalia nafasi ya abiria wawili. Kwa hiyo alikodi guta la kubebea mboga, kwenda na kurudi, kila siku ya Mungu. Tena pampasi za watu wazima, tena marhamu ya ngozi, tena glavu za kusukumia magurudumu, ambazo huchanika kabla hazijachakaa. Mwisho wa juma yeye na wenzake walipokea bahasha zinazofanana, lakini yake ilikuwa imeshaliwa nusu kabla hajaifungua.

Wakahama.

*

Kwa karibu mwezi mzima Wagiman alitimiza ahadi yake. Alfajiri alichuchumaa mbele ya godoro, Kusminah akamkumbatia shingoni, na wakashuka ngazi zile nyembamba za saruji, mume akihema, mke akimwambia, "Polepole, hapo pana maji." Kiti walikiacha chini, uvunguni mwa ngazi, kimefungwa mnyororo kwenye bomba. Jioni walipanda vivyo hivyo. Majirani waliwasifu. Mwanamke mmoja wa ghorofa ya pili alimwambia mumewe mbele yao, "Umeona mapenzi hayo? Wewe hata ndoo hunishikii." Wagiman aliinama kwa haya, lakini siku hiyo alipanda haraka zaidi.

Kisha asubuhi moja, kwenye kona ya ghorofa ya pili, kiuno chake kikalia kama kijiti kikavu. Hakumwangusha mkewe. Alikaa naye taratibu kwenye ngazi, uso umejaa jasho, wakabaki hapo wawili, mmoja juu ya mwingine, wapangaji wakiwapita kwa ubavu na kusema samahani. Mkandaji aliyeitwa alimkanda, akamkataza kubeba chochote.

"Hata mke?" Wagiman aliuliza.

"Hasa mke," mkandaji akasema, na hiyo nayo ikawa utani wa jumba zima.

Waliobaki ni wabeba maji. Katika jumba lile hakuna aliyekunywa maji ya bomba. Maji yaliuzwa kwa madumu makubwa, na kuyafikisha juu ilikuwa kazi ya Dulkamid, mtu wa kisiwa cha Madura mwenye shingo nene, pamoja na mwenzake Sirat. Kusminah alimwita, Dulkamid akaja akavua kofia mlangoni.

"Mama, usije ukadhani nakudharau," alianza. "Mimi nabeba uzito, sibebi mtu. Dumu moja mpaka huku juu ni elfu nne. Mama ni madumu matatu. Kushuka bei hiyo, kupanda bei hiyo."

"Matatu kwa mizani ya nani?"

"Ya mgongo wangu."

"Mgongo wako muongo. Twende kwa muuza mchele."

Wagiman, aliyekuwa amelala kwa ubavu pembeni, alisema, "Mama Ratri, acha." Lakini Kusminah alikuwa mshonaji, na mshonaji hakubali kitambaa kikatwe kwa kukisia. Walimteremsha kwa shuka, Sirat mbele na Dulkamid nyuma, wakamvusha kichochoro hadi dukani. Muuza mchele akashusha gunia kwenye mizani, akapangusa ubao kwa kiganja, na Kusminah akaketishwa pale, miguu ikining'inia pembeni.

Watu hawakuitwa, lakini walijaa. "Mwondoeni kandambili, zinaongeza!" mmoja alipiga kelele. Mwingine akamuuliza muuza mchele kilo leo bei gani. Kusminah alitazama mshale peke yake. Ulitetemeka, ukasimama kwenye arobaini na tatu.

"Dumu likijaa ni kilo ishirini," alisema kwa sauti ili wote wasikie. "Mimi ni mawili."

"Mawili na kitu," Dulkamid akasema.

"Hicho kitu ni kilo tatu. Unanidai dumu zima kwa kilo tatu?"

Dulkamid alikuna shingo. Watu walikuwa wanangoja kuona nani atashindwa, naye hakutaka awe yeye, wala hakutaka kuonekana mnyang'anyi. "Haya mama, sikia. Siku mshale huu ukigusa arobaini, nitakuhesabu mawili. Naapa mbele ya hawa wote. Kabla ya hapo, matatu."

"Mashahidi mko," alisema Kusminah.

Usiku ule Wagiman hakumtazama. "Kuna watu pale wananiita kaka," alisema akiwa ameuelekea ukuta. "Sasa wanajua kilo za mke wangu."

"Bora wazijue kilo zangu kuliko nilipie za uongo," Kusminah alimjibu.

*

Kilo tatu si nyingi kwa mtu anayezitaka zitoke. Kusminah alianza kwa kuacha chakula cha asubuhi. Kisha akapunguza cha jioni. Ratri alipomuuliza mbona anarudisha wali sufuriani, alisema amekula karakanani. Na karakanani, wenzake walipofungua vyakula vyao, alisema nyumbani wamempakulia sana. Maji ndiyo yalikuwa rahisi kuyaacha, kwa kuwa hayakumpunguzia kilo tu. Asiyekunywa hakojoi, na asiyekojoa hamalizi pampasi. Akawa anabadilisha mbili kwa siku badala ya nne, na moyoni alijiona mwerevu.

Siku alipogusa arobaini alimwita Dulkamid kama shahidi, na muuza mchele akashusha gunia tena. Watu walikuwa wachache safari hii. Mshale ukasimama penyewe, haukuvuka. Dulkamid alitazama mashavu ya Kusminah, kisha akatazama mshale.

"Mawili," alisema. "Mimi nikisema nimesema." Na tangu siku hiyo alidai elfu nane badala ya kumi na mbili, asubuhi na jioni, bila kugombana.

Zile elfu nane alizookoa kila siku hazikudumu hata majuma mawili. Kwanza mkojo ukawa wa rangi ya chai. Kisha pale alipokalia, upande wa kushoto, ngozi ikachubuka. Nyama ya kuikinga haikuwepo tena. Hakuhisi maumivu, kwa kuwa huko chini hakuwa na hisia, ila alisikia harufu, akadhani ni vitambaa vya karakana. Siku ya homa alikuwa anashona kola, na kola ikazunguka mbele ya macho yake kama sahani, akaangukia cherehani.

Hospitali hawakumdai kitanda, sindano wala dawa. Kadi ya bima ililipa, na Wagiman aliwasimulia majirani kwa shangwe kwamba ni bure. Haikuwa bure. Guta la kwenda na kurudi halikuwa kwenye kadi. Pampasi hazikuwa kwenye kadi. Bandeji nzuri ya kidonda, ile ambayo muuguzi alisema ndiyo inayofaa, ilikuwa inauzwa ng'ambo ya barabara. Siku alizokaa Wagiman kando ya kitanda kumgeuza mkewe kila mara, filimbi yake mtu mwingine aliipuliza, na sarafu akapokea huyo. Wabeba maji walimteremsha mgonjwa kwa mbio bila kutaja bei. Walikuja kuitaja kesho yake.

Daktari, kijana mwenye adabu, alimwambia, "Mama, unywe maji mengi. Na ule vizuri, nyama, mayai. Kidonda hiki kinataka chakula."

"Kila kilo moja ninayoongeza," Kusminah alimwambia, "unailipa wewe?"

Daktari alidhani homa bado ipo, akamshika paji la uso.

Aliporudi nyumbani alikuta mwenye karakana amemtumia salamu na kopo la biskuti. Cherehani yake walikuwa wamempa msichana mmoja anayekaa karibu, anayekuja kwa miguu.

*

"Tuongee kama watu wazima," Wagiman alisema. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo umenyooka kwa sababu ya kiuno. Bati lilikuwa karibu na kichwa chake, na joto la mchana lilishuka kutoka pale kama mtu anayewaegemea. "Hata kama wangekurudisha kazini. Toa guta. Toa Dulkamid. Toa zile pampasi za ziada kwa kuwa uko nje kutwa. Kinachobaki hakinunui hata chumvi. Ukienda kazini, Mama Ratri, tunapata hasara."

"Toa na kodi," alisema Kusminah. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye godoro, kama alivyoagizwa. "Tulihama ili tuokoe. Tumeokoa nini?"

"Chumba cha chini kina simu sasa. Hayo yamepita."

"Mimi nauliza tu. Mbona hesabu zako zote zinaanzia kwangu?"

Wagiman alikanda kiuno chake. Alikuwa amechoka, na hakuwa mkatili zaidi ya wanaume wengine wa kichochoro kile. Alikuwa mtu aliyesema atabeba, akabeba, na kiuno kikamsaliti mbele ya watu. Tangu siku hiyo alimwona mkewe kama deni ambalo yeye hakulikopa.

Kusminah akabaki juu. Kutwa nzima alilala akisikiliza jumba: madumu yakigonga ngazi, muziki wa duka la simu, watoto. Ratri alimletea chakula, akamsafisha kidonda, akamgeuza. Alifanya yote kwa mikono mizuri, lakini siku hizo alikuwa mkimya, na Kusminah alidhani ni kwa ajili ya cheti. Shule ilikizuia mpaka ada iliyobaki ilipwe, na bila cheti kiwanda cha viatu hakikumtaka hata mlangoni.

Kidonda kilipoanza kuwa chekundu na kukunjamana pembezoni, dalili nzuri, Kusminah alisema, "Ratri, shuka ukakitazame kiti changu. Matairi yatakuwa yameshalegea. Yatie upepo, na beringi uzipake mafuta kidogo. Wiki ijayo nataka nikae."

Ratri alikuwa anakunja nguo. Akaendelea kukunja ile ile iliyokwisha kukunjwa.

"Umenisikia?"

"Mama, cheti nimepata."

"Alhamdulillahi! Lini? Mbona hukuniambia?" Furaha ilimfanya ajiinue kwa viwiko. Kisha akatulia. "Nani kalipa?"

Ratri akakaa sakafuni, nguo mapajani. Hakulia. Labda kama angelia ingekuwa nafuu.

"Baba alisema kimekaa tu kinaota kutu. Alisema wewe upo juu, kiti kipo chini, hamkutani. Kuna mtu mama yake kapooza, akatoa fedha pale pale."

"Na mto wake?"

"Na mto wake."

Kiti kile kilikuwa kimetengenezwa kwa mwili wake. Watu wa msaada walikuja wakampima mapaja, nyonga, kimo cha mgongo, kama yeye alivyopima wanafunzi wa sare, akangoja mwaka mzima mpaka kikaja. Mto ule ndio uliokuwa unamkinga na vidonda. Vya kawaida viliuzwa, ndiyo, vya turubai kama vya hospitalini, lakini cha turubai kingemfungulia kidonda kile kabla ya mwezi kwisha.

"Wewe ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Kabla hajauza?"

"Mimi ndiye niliyefungua mnyororo, Mama. Kiuno cha Baba..." Ratri hakumaliza.

Wagiman aliporudi, Kusminah hakupiga kelele. "Mngeniuliza," alisema.

"Ungekataa."

"Pengine ningekataa."

"Basi."

"Pengine ningekubali, Baba Ratri. Ni mtoto wangu. Sasa hatutajua, si mimi si wewe."

Wagiman alivua kofia, akaitungika kwenye msumari. "Akipata mshahara tutanunua kingine," alisema, na wote watatu walijua kwamba mshahara huo umeshapangiwa matumizi: kodi, mkandaji, deni la dukani. Walikula wali. Kusminah alikula sahani yake yote, akaomba nyingine.

*

Asubuhi iliyofuata, mume akiwa sokoni na binti amekwenda kuandikishwa kiwandani, Kusminah alijiburuta kutoka kwenye godoro. Alijifunga kanga mbili kiunoni na kuzikaza, akatia ndani ya blauzi kopo lake la sindano na fedha zake za pampasi, akafungua mlango kwa fimbo ya ufagio.

Alishuka kwa nyonga ya kulia, ili asikalie kidonda. Mkono mmoja kwenye ukuta, mwingine kwenye ngazi ya chini yake, anajishusha, kisha anavuta miguu inamfuata kama magunia mawili yasiyo yake. Ngazi zilikuwa na mchanga na majimaji. Kwenye kona ya ghorofa ya pili alikutana na yule mwanamke aliyekuwa akisifu mapenzi, ana beseni la nguo.

"Ya Rabi, Mama Ratri! Umeanguka?"

"Nashuka."

"Nimwite mtu?"

"Nipishe tu, mwenzangu."

Mwanamke akajibana ukutani na beseni lake. Alitaka kusaidia lakini hakujua pa kushika, kwa hiyo akasimama anamtazama mpaka alipopotea kwenye kona, kisha akaenda kugonga milango kuwaeleza wengine.

Jua lilikuwa limeshafika kichochoroni Kusminah alipogusa sakafu ya chini. Viganja vilikuwa vimechubuka, kanga moja imelowa damu upande wa kushoto. Kidonda kilikuwa kimefunguka. Aliegemea ukuta, uvunguni mwa ngazi, penye pikipiki na madumu matupu, akalala kwa tumbo na kufumba macho. Muziki wa duka la simu ulipiga karibu kabisa na sikio lake. Kile kilikuwa chumba chake.

Dulkamid alimkuta hapo. "Mama, si ungeniita?"

"Kwa bei gani?"

Mtu yule mkubwa alichuchumaa, mikono haijui iende wapi. "Kupanda leo bure. Sirat! Lete shuka."

"Sipandi," Kusminah alisema.

Wagiman aliitwa kutoka sokoni. Alifika na filimbi yake shingoni, akakuta nusu ya jumba imejaa kwenye ngazi.

"Inuka twende. Watu wanatazama."

"Wamezoea. Walishanitazama kwenye mizani."

Akainama amnyanyue. Kiuno kikamkamata katikati, akabaki amejikunja, mkono kwenye bega la mkewe, hawezi kwenda chini wala juu. Mtu akacheka, mwingine akamnyamazisha. Wagiman aligeuza shingo kwa Dulkamid. "Ngapi mpaka juu?"

"Kwa mama, bure," Dulkamid akasema. "Kwako wewe, elfu ishirini."

Wagiman alitia mkono mfukoni mbele ya wote, akatoa sarafu za asubuhi, akaanza kuzihesabu kiganjani. Alizihesabu mara ya pili, kana kwamba zingezaana.

"Usijisumbue," Kusminah alimwambia kwa sauti ndogo, karibu ya upole. "Hata ukilipa, sipandi. Juu mimi sina kitu."

"Mimi niko juu," alisema Wagiman.

Kusminah alimtazama. Wagiman alizirudisha sarafu mfukoni, akashika ukuta, na watu wakampa njia. Wote walimsikia akipanda, anapumzika kila baada ya ngazi chache, mpaka mlango ulipofungwa kule chini ya bati.

Mwenye duka la simu ndiye aliyempigia Hajati Mariyati, kwa sababu ya wateja. Hajati alikuja, akaziba pua, akasikitika kwa dhati, akatokwa na machozi kidogo. Kisha akatazama ile nafasi toka ukutani mpaka kwenye madumu.

"Hapa pikipiki mbili zinaingia, Mama Ratri. Kila moja inanilipa. Si mimi, ni nafasi."

"Taja."

"Laki moja na nusu. Bila umeme. Na uniwekee pazia, nakuomba."

"Laki moja."

"Laki na ishirini, kwa ajili ya Mungu."

Kusminah alitoa fedha za pampasi kutoka kwenye blauzi. Zilitosha nusu. Hajati alizipokea kwa ncha za vidole, akazikunja, akasema nyingine mwisho wa mwezi.

*

Sirat alileta ubao wa mlango uliovunjika, ukalazwa juu ya matofali. Pazia likawa shuka la zamani. Kusminah alishona akiwa amelala kifudifudi, kidevu juu ya mto wa nguo, mikono mbele, kwa sindano tu. Vifungo, zipu, mifuko iliyotoboka. Watu walileta kwa huruma mara ya kwanza. Mara ya pili walileta kwa kuwa mshono ulikuwa mzuri. Alikula. Alikunywa maji, na Ratri alikuja kumsafisha asubuhi na jioni, na kumwaga ndoo. Kidonda hakikufunga. Mama muuza mboga alisema kinanuka hadi kichochoroni, akaombwa radhi.

Wagiman alipita mara mbili kwa siku. "Mama Ratri," alisema. "Baba Ratri," Kusminah akajibu. Hakuna aliyeongeza.

Siku ya kwanza ya kazi Ratri alishuka na sare ya kiwanda, suruali ya buluu iliyomburuta visiginoni. Gari la wafanyakazi lilikuwa linangojwa barabarani.

"Mama, wamenipa kubwa. Msimamizi atanirudisha."

"Simama hapa. Usitikisike."

Kusminah alikunja pindo la kwanza, akalipima kwa kidole, akapiga mshono wa haraka usioonekana kwa nje, akakata uzi kwa meno. Kisha la pili. Kazi ilikuwa safi kama ya cherehani. Ratri alijitazama kwenye kioo cha duka la simu, akageuka huku, akageuka kule, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akatabasamu.

"Ngapi, Mama?" aliuliza kwa utani.

"Elfu kumi."

Ratri akacheka. Kusminah hakucheka. Sindano bado ilikuwa mkononi, na alimtazama binti yake kama alivyomtazama mtu yeyote aliyesimama mbele ya ubao ule.

"Mama, mimi..."

"Miguu miwili. Elfu tano kila mguu."

Barabarani gari likapiga honi. Ratri alifungua pochi yake. Hakuwa na noti ndogo, akatoa ya elfu ishirini, ambayo Wagiman alimpa ya chakula. Kusminah akaipokea, akaichunguza kwenye mwanga, akaingiza mkono chini ya mto wa nguo, akamhesabia chenji noti moja moja.

"Hesabu," alisema.

Ratri akahesabu.

"Haya, wahi gari."

Akavuta shati la mtu mwingine, akatafuta kifungo kinachofanana.